NYIGU WA VINUNDU KATIKA MIKARATUSI

Mkulima apandaye mikaratusi huwa ameweka akiba. Miti hiyo humpa kuni, nguzo za kujengea na fedha za karo ya watoto. Lakini yuko mdudu mdogo awezaye kuiharibu akiba hiyo miche ingali kitaluni. Naye ni nyigu wa vinundu. Asili yake ni Australia. Mwaka 2002 alionekana magharibi ya Kenya na katika Uganda, na mwaka 2005 alionekana Tanzania.

Mdudu mwenyewe

Ni wa rangi ya kahawia, tena hung'aa kibuluu. Urefu wake hupita milimita 1 kwa kidogo tu, kama punje ya ulezi. Hamwumi mtu. Karibu wote ni majike, na jike hutaga bila kupandwa na dume. Kwa hiyo nyigu mmoja akiingia shambani atosha kuanzisha ukoo.

Jinsi anavyoharibu

Jike hutoboa jani changa karibu na mshipa wa kati, au kikonyo chake, au kijiti laini, akatia mayai ndani. Hapo mti huvimba, na funza hukaa ndani ya uvimbe akila. Kinundu huwa cha kijani kwanza, kisha huwa chekundu chenye kung'aa, kisha wekundu hufifia. Mwisho huonekana vitundu, ndiyo dalili kwamba nyigu wamekwisha kutoka. Tangu yai hadi kutoka hupita yapata miezi minne.

Majani hujikunja, ncha hukauka, mti hudumaa. Miche na machipukizi ya visiki ndiyo yaumiayo zaidi.

Mkulima mmoja niliyemtembelea alinunua miche 300 kwa bei rahisi. Alipoona vinundu alidhani ni mbegu. Msimu ulipokwisha, miche safi ya jirani yake ilikuwa imempita mtu kimo. Yake haikufika magotini. Na nyigu walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka.

Yafaayo kufanywa

1. Kabla ya kununua, geuza majani ya miche na tazama vikonyo. Ukiona kinundu hata kimoja, usinunue.

2. Weka kitalu mbali na mikaratusi yenye vinundu.

3. Kagua kitalu kila juma. Ng'oa mche wenye vinundu na uuchome moto siku ile ile, kabla vitundu havijaonekana. Ukiutupa kando, nyigu watatoka vile vile.

4. Usichukue miche wala matawi mabichi kutoka mahali penye ugonjwa kupeleka pengine.

5. Usipande aina moja tu. Aina ya kamaldulensisi hushambuliwa sana. Mwulize Bwana Shamba au Bwana Miti aina ifaayo mahali pako.

Habari ya dawa

Wakulima wengi huuliza dawa ya kunyunyiza. Funza yumo ndani ya kinundu, na dawa inayobaki juu ya jani haimfikii. Utapoteza fedha, na utaua nyuki wanaofuata maua. Yako pia manyigu wengine wadogo ambao watoto wao humla funza huyu. Afrika Kusini walianza kuwafungulia mwaka 2012. Dawa huwaua hao nao.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kagua miche yako leo.