Riwaya za Nyakati Mbili na Mvuto Wake

Riwaya ya nyakati mbili husimulia visa viwili kwa kupokezana: kimoja cha leo, kingine cha miaka mingi iliyopita. Katika tawi lake la Kikristo, linalosomwa sana Marekani, visa hivyo huunganishwa na fumbo, na imani ya wahusika hupitishwa kwenye majaribu.

Mara nyingi fumbo huanzia kwenye kitu kilichosalia: barua, shajara, pete au picha. Katika The Butterfly and the Violin ya Kristy Cambron, iliyotoka mwaka 2014, mfanyabiashara wa sanaa wa New York, Sera James, anausaka mchoro wa msichana mpiga fidla aliyenyolewa kichwa, mwenye tatuu ya namba mkononi. Sura nyingine humrudisha msomaji Ulaya ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa Adele, Mwaustria aliyefungwa katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Auschwitz na kulazimishwa kupiga muziki katika okestra ya wafungwa wanawake. Okestra hiyo ilikuwapo kweli. Iliundwa mwaka 1943.

Mvuto wa riwaya hizi una sababu tatu. Kwanza, msomaji hujua mambo ambayo mtafutaji wa leo hajayagundua, hivyo kila sura inapokatika humwacha na hamu ya inayofuata. Pili, historia humfikia kupitia maisha ya mtu, si orodha ya tarehe. Tatu, na hili ndilo kubwa, jibu la fumbo huponya: aliye hai hujifunza kusamehe na kutumaini kutoka kwa aliyetangulia, na mateso yaliyosahaulika hupata shahidi.