Neno Pax na Mkono Tunaopeana



Katika kila Misa, kabla ya Komunyo, twatakiana amani. Huyu twampa mkono; yule twamkwepa, kwa sababu ya mpaka wa shamba au deni la siku nyingi. Ili tuutambue uzito wa tendo hilo, leo tulitazame neno lenyewe katika Kilatini: pax.

Katika Kiswahili jina hubadilika mwanzoni: mtu, watu. Katika Kilatini hubadilika mwishoni, kufuatana na kazi yake katika sentensi. Amani ikiwa mtenda, husemwa pax. Tukisema “ya amani”, ni pacis. Kitu kikitolewa kwa amani, ni paci. Amani ikitendwa, ni pacem. Na tukiwa ndani ya amani, ni in pace. Shina ni moja, pac-. Hata ile x ya pax ni c na s zilizoungana.

Miisho hiyo tunakutana nayo. Mjini Roma ipo Ara Pacis, Altare ya Amani, iliyozinduliwa mwaka 9 kabla ya Kristo kwa heshima ya Kaisari Augusto. Tarehe 11 Aprili 1963 Papa Yohane XXIII alitoa waraka Pacem in Terris, akifundisha kwamba amani haisimami pasipo kuheshimu utaratibu aliouweka Mungu. Na katika herufi R.I.P. za makaburini, ile ya mwisho ni pace: twamwombea marehemu apumzike katika amani.

Lakini maana yake ni nini? Pax ni ndugu wa pactum, yaani mapatano. Nalo neno letu amani, lililotoka Kiarabu, lina asili moja na imani na kuamini. Basi kunyamaziana si amani. Majirani wawili wasiogombana kwa kuwa hawasalimiani, bado hawajapatana wala hawaaminiani.

Ndiyo maana Bwana ametuagiza tuiache sadaka mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu. Makatekista, wafundisheni watoto hivyo. Nasi watu wazima, juma hili twende kwa yule tunayemkwepa, tuketi naye, tuuonyeshe mpaka mbele ya mashahidi, tulilipe deni au tuombe muda. Hapo Jumapili ijayo mkono wetu utasema kweli.

Amina.