Moyo Uliokaa Nje ya Kifua, na Rekodi Nyingine za Mioyo ya Watoto

Kwa uadimu, ni kasoro chache zinazoukaribia moyo uliokaa nje ya kifua: watoto watano hadi wanane katika kila milioni moja wanaozaliwa hai. Mkunga huuona ukidunda mbele ya macho yake, bila kidari cha kuusitiri.

Inayoongoza kwa wingi ni tundu kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Matundu mengi madogo hujifunga yenyewe. Lakini ukijumlisha kasoro zote, karibu mtoto 1 katika 100 huzaliwa na mojawapo. Mkunga wa Makunduchi au Nungwi, hapa Zanzibar, aliyezalisha kwa miaka bila shaka amewapokea watoto hao, hata kama hakuwatambua.

Kati ya zile zinazogeuza midomo buluu, inayotokea zaidi ina jina la Mfaransa Étienne-Louis Arthur Fallot, aliyeieleza mwaka 1888: kasoro nne katika moyo mmoja. Mtoto akichoka kucheza huchuchumaa, na bila kufundishwa na mtu hapo hupata pumzi. Upasuaji wa kwanza wa kuwasaidia watoto hawa ulifanyika Baltimore, Marekani, tarehe 29 Novemba 1944. Alfred Blalock ndiye aliyeshika kisu, kwa wazo la daktari Helen Taussig, lakini nyuma yake alisimama Vivien Thomas, fundi mweusi wa maabara asiye na shahada, akimwelekeza hatua kwa hatua. Kwangu mimi, heshima kubwa ni ya Thomas.

Safari ndefu ya kuutafuta upasuaji wa moyo ni ya watoto wetu wenyewe. Tangu 1999 Hospitali ya Mnazi Mmoja, pale Mji Mkongwe, imeshirikiana na shirika la Save a Child's Heart la Israeli, na mamia ya watoto wa Zanzibar wamepelekwa mji wa Holon, nchini humo, kupasuliwa. Huko ndiko alikosomea Dkt. Godwin Godfrey, Mtanzania wa kwanza kubobea katika upasuaji wa moyo wa watoto. Tangu 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, saa mbili hivi kwa boti kutoka bandari ya Malindi, Unguja. Ningependa sana kuona safari hii ikizidi kufupishwa.

Mtoto akikatiza kunyonya kwa kuchoka, akitoka jasho kichwani, uzito usipopanda au midomo ikigeuka buluu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, moyo usikilizwe.