Rekodi za Afya za Kielektroniki na Suala la Maana

Kwa muda mrefu, historia ya maradhi ya Wakenya wengi imehifadhiwa katika daftari analolibeba mgonjwa mwenyewe. Daftari hilo likipotea, daktari mpya hulazimika kuanza upya, na huenda akaagiza dawa iliyowahi kumdhuru mgonjwa huyo.

Tatizo hili ndilo ambalo rekodi za kielektroniki zinanuia kulitatua. Mnamo mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, vilianzisha mfumo wa tarakilishi katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret. Tajiriba hiyo ilichangia kuasisiwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria inayotumika katika mataifa mengi.

Hata hivyo, kuunganisha mitambo si kuunganisha maana. Mgonjwa anaposema ana "homa", huenda anakusudia joto jingi mwilini au mafua. Katika toleo la kumi la uainishaji wa maradhi wa Shirika la Afya Duniani, joto lisilojulikana chanzo huwekwa chini ya R50, ilhali mafua ya kawaida ni J00. Msimbo ukikosewa, kosa husafiri na rekodi hadi hospitali nyingine.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mgonjwa anapoombwa idhini, sharti aelezwe kwa lugha anayoielewa. Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika kando ya daktari na mhandisi: istilahi isiyo wazi huweza kugharimu uhai.