Damu Hugawanywa Namna Gani?

Usiku, mvuvi wa Makobola avuta wavu wa ndagala katika ziwa Tanganyika. Mikono yake yafanya kazi ngumu, nayo yahitaji damu nyingi. Damu hiyo yatoka wapi? Mwili hauwezi kutengeneza damu mpya mara moja. Mtu mzima ana lita 5 tu hivi, wala hazitoshi kujaza mishipa yote ikifunguka pamoja. Basi ni lazima igawanywe.

Mtu akipumzika, moyo hupiga mara 70 hivi kwa dakika, na katika dakika hiyo damu karibu yote huzunguka mwilini. Sehemu moja ya tano hupita katika figo, isafishwe. Lakini wagawaji ni mishipa midogo itokayo moyoni, ambayo kuta zake zina misuli. Ikilegea, damu hupita kwa wingi; ikijibana, hupita kidogo. Mvuvi avutapo wavu, mishipa ya mikono hufunguka, na ile ya tumbo hujibana. Akiisha kula ugali, ya tumbo hufunguka. Ubongo haunyimwi fungu lake kamwe.

Ziba nusu ya mdomo wa bomba kwa kidole: maji yasukuma kidole kwa nguvu. Ndivyo ilivyo damu katika mishipa iliyojibana. Wakati wa kazi msukumo wa damu hupanda, nao si ugonjwa, maana hushuka mtu apumzikapo. Ugonjwa ni msukumo usioshuka hata akikaa kitako. Wengi huuita tansio. Mishipa midogo imebaki myembamba, au chumvi nyingi imezuia maji mwilini, damu ikaongezeka.

Mwaka 1733 Mwingereza Stephen Hales alieleza katika maandishi jinsi alivyounganisha bomba la kioo na mshipa wa farasi, damu ikapanda zaidi ya mita 2. Maskini farasi! Siku hizi muuguzi hufunga kitambaa mkononi na kukijaza hewa, kama alivyobuni Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896. Husoma namba mbili: moyo unaposukuma, na unapolegea. 120 kwa 80 ni vizuri. 140 kwa 90 au zaidi, ikionekana siku mbalimbali, ni ugonjwa.

Tansio haina kidonda, na mara nyingi haina maumivu. Mtu aweza kuvua miaka mingi, kumbe mishipa ya ubongo yachakaa, hata siku moja mmoja wapasuka, naye aanguka na kupooza upande. Kwa hiyo muuguzi humfunga kitambaa hata yule asemaye, "Mimi ni mzima."