Asili na Nasaba ya Fumo Liyongo wa Ozi: Simulizi, Hati na Lugha

Utangulizi

Fumo Liyongo hahitaji kutambulishwa kwa wasomi wa Kiswahili. Tungo za gungu na tumbuizo zinazonasibishwa naye zinahesabiwa miongoni mwa tungo kongwe za lugha hii. Kisa chake kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na utenzi aliotunga Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913 umesomwa shuleni na vyuoni kwa vizazi kadhaa. Mjadala mwingi umehusu mambo mawili: kama Liyongo aliishi kweli, na kama aliishi, ni katika karne ipi. Swali la tatu limekuwa likijibiwa kwa haraka mno, nalo ni swali la nasaba yake. Je, alikuwa Mwarabu, Mshirazi, au mtu wa nchi ya mto Tana?

Makala haya yanakusudia kupima majibu yaliyokwisha kutolewa na kueleza yametokana na nini. Hoja inayotetewa ni kwamba kila nasaba aliyopewa Liyongo ni ushahidi wa kwanza juu ya wale waliompa nasaba hiyo, na ushahidi wa pili tu juu ya Liyongo mwenyewe. Msomi akitaka kujua asili ya shujaa huyu hana budi kutazama pia mambo ambayo wasimulizi hawakukusudia kuyathibitisha: vyeo, majina, na namna undugu unavyohesabiwa ndani ya kisa.

Nchi ya Liyongo

Masimulizi yote makuu yanamweka Liyongo katika Shaka na Ozi, pwani ya bara inayoelekea visiwa vya Lamu. Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu huuvuka mto Tana Garsen, na kutoka hapo nchi ya Liyongo iko upande wa mashariki, kuelekea bahari. Kaburi linaloitwa lake huonyeshwa karibu na Kipini, na magofu ya Ungwana, yaliyochimbuliwa na James Kirkman na kuelezwa katika kitabu chake cha mwaka 1966, yako katika pwani hiyo hiyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba Ozi na Tana hapo zamani zilikuwa mito miwili mbalimbali. Ni mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19, ulioyaelekeza maji ya Tana kwenye Ozi na kuyatoa baharini Kipini. Hata hivyo utengano huo wa maji haukuwa utengano wa watu. Utafiti wa akiolojia wa George Abungu, uliokamilishwa mwaka 1989, ulichunguza mahusiano ya jamii za delta na zile za bonde la mto kuanzia karne ya 8 hivi hadi karne ya 19. Tena vyungu vinavyopatikana katika tabaka za mwanzo za miji mingi ya kale ya pwani vimepewa na wanaakiolojia jina la Mapokeo ya Tana. Kwa hiyo jamii iliyomzaa Liyongo haikuwa kisiwa kilichotengwa na bara. Ilikuwa mlango wa bara lenyewe.

Nasaba tatu

Nasaba ya kwanza ni ya Kiarabu. Liyongo huitwa Fumo Liyongo wa Bauri, na Bauri huchukuliwa na wengi kuwa jina la ukoo. Silabi ya kwanza ya jina hilo inafanana na Ba- ya koo za Hadhramaut, kama Bakathir na Bawazir, na mfanano huo umewafungulia wengine mlango wa Uarabuni. Lakini mfanano wa silabi moja ni msingi mwembamba. Anayetaka kuujengea nasaba hana budi kwanza kuonyesha ukoo wa jina hilo huko Hadhramaut, na tena njia uliyopita hata ukafika Ozi.

Nasaba ya pili ni ya Kishirazi. Hii inamwingiza Liyongo katika kundi la waasisi wa miji ambao, kutoka Lamu hadi Kilwa, husemwa walitoka Uajemi. Nguvu ya nasaba hii iko katika wingi wa masimulizi yanayofanana nayo, na udhaifu wake uko papo hapo: simulizi inayosemwa juu ya karibu kila mji haiwezi kutofautisha mwasisi mmoja na mwingine.

Nasaba ya tatu ni ya mtoni. Wapokomo, ambao ndio wakulima wa kingo za Tana, nao wanazo habari zao za Liyongo. Kwao yeye ni sehemu ya historia ya mto. Simulizi hizi zimeandikwa kwa uchache sana zikilinganishwa na zile za Lamu na Pate, na uchache huo umefanya zionekane kama mwangwi wa habari za visiwani. Hakuna sababu ya kitaaluma ya kulichukulia jambo hilo kuwa limethibitika.

Hati za Pate na tatizo la nasaba zilizoandikwa

Mtu anaweza kudhani kwamba hati zitatatua ubishi ambao masimulizi yameshindwa kuutatua. Mfano wa jirani unaonyesha vinginevyo. Habari za Pate zinaeleza kwamba Sulaiman bin Sulaiman, wa ukoo wa Nabahani wa Omani, alifika Pate mwaka 600 wa Hijra, yaani 1203 au 1204, akamwoa binti wa mfalme wa Kibatawi aliyekuwapo, na kwa ndoa hiyo akaupata ufalme. Neville Chittick, katika makala yake ya mwaka 1969, alionyesha kwamba tarehe hizo za mapema haziwezi kukubaliwa jinsi zilivyo. Jambo lililoandikwa kwa mwaka na mwezi laweza kuwa na umri mdogo kuliko linavyodai.

Isitoshe, hati ya asili ya Habari hizo haipo. Yasemekana iliteketea mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia Witu, mji ambao Wanabahani walikuwa wamehamia, kilomita chache kutoka Ozi. Matoleo yaliyopo, yakiwemo ya Stigand, Werner na Heepe, yalipatikana baadaye kutoka kwa watu waliokumbuka au waliokuwa na nakala, na yanatofautiana. Kwa hiyo mpaka kati ya hati na simulizi katika pwani hii si mnene kama inavyodhaniwa.

Kwa upande wa Liyongo, ushahidi wa maandishi unatoa jambo moja lililo imara. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, anatajwa kuwa ndiye aliyelitia takhmisi shairi la Liyongo. Mshairi hatii takhmisi utungo wa jana. Ikiwa kazi hiyo ni yake, basi kufikia karne ya 18 au mwanzo wa karne ya 19 shairi hilo lilikwisha kuwa na heshima ya utungo wa wahenga. Zaidi ya hapo wataalamu wanatofautiana sana: wako wanaomweka Liyongo kabla ya karne ya 13, na wako wanaomleta hadi karne ya 16 au 17.

Ushahidi wa lugha

Ushahidi wa kwanza ni cheo chenyewe. Fumo si neno la Kiarabu wala la Kiajemi. Katika Kibantu kuna mzizi wa kale, *-kumu, wenye maana ya mkuu au mtawala. Ndio uliozaa mfumu ya Kikongo na ya Kichewa. Katika Kiswahili *k ya kale mbele ya *u iliyo finyu hugeuka f, kama inavyoonekana katika mafuta na mfupa. Tena kuna fumo lenye maana ya mkuki, ambalo linahusiana na effumu la Kiganda, na ambalo f yake imetokana na *t. Yawezekana kwamba katika vinywa vya Waswahili maneno haya mawili yalikutana, na mtawala akawa pia mtu wa mkuki. Njia yoyote itakayofuatwa, cheo cha Liyongo ni cha Kibantu.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba cheo hiki kilichukuliwa na Wanabahani wenyewe. Katika orodha ya watawala wao wamo Fumo Madi na Fumo Luti, na mwishoni mwa karne ya 19 Fumo Bakari alikuwa sultani wa Witu. Watu waliojihesabia nasaba ya Omani waliona kwamba hawawezi kutawala nchi hii bila ya kuvaa jina la utawala la nchi hii. Nasaba iliyoandikwa ilielekea ng'ambo. Cheo kilichotamkwa mbele ya raia kilielekea bara.

Ushahidi wa pili ni undugu wa lugha. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao ya mwaka 1993, waliweka Kiswahili katika kundi la Sabaki pamoja na Kipokomo, Kielwana, lugha za Mijikenda na lugha za Ngazija na visiwa jirani. Yaani lugha ya tungo za Liyongo na lugha ya mkulima wa Garsen ni ndugu wa tumbo moja. Hili halithibitishi kwamba Liyongo alikuwa Mpokomo, kwa kuwa lugha na damu ni mambo mawili. Linathibitisha kwamba hakuna sababu ya kutafuta ng'ambo chimbuko la mazingira yaliyomlea.

Undugu ndani ya kisa

Ushahidi wa tatu umo katika kisa. Liyongo anagombana na Daudi Mringwari juu ya utawala. Anapofungwa, anayemwokoa ni mama yake, ambaye anampelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa kwa mkono wa kijakazi Saada. Anapokufa kisimani, akiwa amepiga goti na upinde mkononi, watu hawathubutu kumkaribia, na ni mama yake anayeendewa ili aje azungumze naye. Baba hana nafasi yoyote ya maana katika mambo hayo.

Muuaji wake katika utenzi wa Kijuma ni mwanawe mwenyewe, amchomaye kitovuni kwa sindano ya shaba. Katika masimulizi mengine muuaji ni mpwa. Tofauti hii imechukuliwa mara nyingi kuwa kosa la kumbukumbu. Ingefaa itazamwe kwa makini zaidi. Panapohesabiwa ukoo wa mama, mpwa ndiye mrithi. Panapohesabiwa ukoo wa baba, mrithi ni mwana. Ikiwa kisa kinahusu mrithi anayemwua anayerithiwa, basi matoleo haya mawili yanasema jambo moja kwa sheria mbili za urithi. Yaelekea kisa kimepita katika jamii iliyokuwa ikibadili namna ya kuhesabu nasaba, huku sheria ya Kiislamu ikizidi kupata nguvu.

Tena mwana huyo, kwa mujibu wa utenzi, alizaliwa na mama wa watu waitwao katika maandishi ya zamani Wagala, jina ambalo Waoromo hawalikubali, na ambao jamaa zao katika Tana leo ni Waorma. Waliomtaka Liyongo walitaka mbegu yake. Kwa hiyo ndani ya utenzi uliotungwa Lamu, uzao wa shujaa mkuu wa Waswahili umekwisha kuchanganyika na wafugaji wa bara.

Mfano wa mbali

Tatizo hili si la pwani ya Afrika Mashariki peke yake. Huko Scotland, Somerled, aliyeuawa mwaka 1164 na ambaye ukoo wa Donald unamhesabu kuwa babu yao, alipewa na waandishi wa nasaba babu wa Ireland, hadi kwa mfalme wa hadithi Colla Uais. Jina la baba yake lilikuwa la Kigaeli. Jina lake yeye lilikuwa la watu wa Skandinavia, na maana yake ni msafiri wa kiangazi. Mwanzoni mwa karne ya 21 uchunguzi wa vinasaba vya watu wanaojihesabu kuwa wa uzao wake ulielekeza upande wa baba Skandinavia. Huko nako nasaba iliyoandikwa ilieleza heshima ambayo wazao waliitaka, na jina likahifadhi jambo ambalo nasaba ililiacha.

Pwani yetu nayo imepata ushahidi wa namna hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature ulichunguza vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Manda na Faza. Ulionyesha uzazi wa Kiafrika uliotoka zaidi kwa akina mama, na uzazi wa Kiasia uliotoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Matokeo hayo hayamtaji Liyongo wala hayawezi kumtaja. Lakini yanabatilisha sharti lililofichwa katika ubishi wote wa nasaba zake, yaani kwamba lazima achaguliwe mzazi mmoja na kumkana mwingine.

Hitimisho

Imeonekana kwamba nasaba za ng'ambo alizopewa Liyongo zina msingi mwembamba, kwamba cheo chake na lugha yake ni za nchi, na kwamba kisa chenyewe kinamkumbuka kwa mama kabla ya baba. Jibu linaloelekea zaidi ni kwamba alikuwa mtu wa delta, wa jamii ya Kiislamu iliyokuwa na mizizi bara na mikono baharini. Kama babu yake mmoja alivuka bahari, hilo lingemfanya awe kama Waswahili wengi wa zama zake.

Jambo hili lina uzito nje ya kurasa za majarida. Katika miaka ya 2012 na 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta ya Tana, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma yaliyohusu ardhi na maji. Katika nchi ya namna hiyo swali la nani alitangulia huwa silaha upesi, na msomi anayemkabidhi Liyongo kwa ukoo mmoja anaweza kuwa ananoa silaha hiyo bila kujua. Masimulizi yenyewe ni mapana kuliko hivyo.

Kazi iliyobaki ni ya uwanjani. Matoleo ya Lamu yamehaririwa mara nyingi, na mkusanyo wa tungo za Liyongo uliochapishwa mwaka 2004 umeweka msingi mzuri. Matoleo ya Ozi, Kau, Ngao na Garsen, katika Kipokomo na katika lugha ya Waorma, bado hayajapata uangalizi wa kadiri hiyo. Idara za lugha za Kiafrika ndizo zenye wajibu wa kuyakusanya, pamoja na jina la kila msimulizi, ukoo wake, na mtu aliyemfundisha. Bila ya habari hizo za msimulizi, nasaba ya Liyongo itaendelea kusomwa pasipo kujulikana ni nani aliyeisema, na kwa sababu gani.