Je, Wajua? Mizizi ya desmodi hukidanganya kiduha

Kiduha ni gugu lenye ua zuri la zambarau, lakini mkulima wa mahindi au mtama akiliona hutamani kulia. Chini ya ardhi mizizi yake imeshang'ang'ania ya mazao, inanyonya maji na chakula. Mche mmoja humwaga makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri kemikali za mzizi wa nafaka ziziamshe.

Miaka ya 1990, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, Kenya, walipanda desmodi katikati ya mistari ya mahindi ili kufukuza viwavi wanaotoboa mabua. Kumbe kiduha nacho kikapungua! Mizizi ya desmodi, mmea wa jamii ya kunde, hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha, na nyingine zinazodumaza kimzizi kinachochipua kisiweze kuushika mzizi wa mahindi. Kiduha hakina uwezo wa kujitegemea, hivyo hufa kingali kichanga, na akiba ya mbegu udongoni hupungua msimu hadi msimu. Majani ya desmodi? Ng'ombe huyapenda sana.